Siku Nilipomwona Mtemi Akila

Baba yangu alikuwa na kazi moja tu maishani, na kazi hiyo ilikuwa kumpa mtemi mgongo. Nikisema hivyo kwa watu wasiotoka kwetu hudhani nasimulia ugomvi. Wapi! Ilikuwa heshima kubwa kuliko ya wazee wa baraza. Kila adhuhuri na kila jioni, chakula kilipoingizwa ikulu, baba alisimama mlangoni, uso nje na mgongo ndani, akaipiga polepole ngoma ndogo ya ngozi ya kenge mpaka mtemi amalize. Ngoma ile iliwaambia watu wasipite, na pia ilifunika sauti ya kutafuna.

Maana mtemi wetu hakuwa akila. Ndivyo tulivyolelewa kuamini. Anayekula ameona njaa, na aliyeona njaa ni mtu kama sisi, na mtu kama sisi atakufa. Sahani ziliingia zimejaa, zikatoka tupu, na hakuna aliyeuliza imekuwaje. Wake zake hawakumwona akila, wala watoto, wala mpishi.

Miaka kumi na tisa baba alisimama pale na hakugeuka hata mara moja. Nyoka aliwahi kumpita miguuni akiingia ndani, naye akapaza sauti "Nyoka anaingia!" huku macho yake yakiwa uwanjani, na mkono haukukosa pigo. Kisa hicho nimekisikia mara mia na bado nakipenda. Wenzetu walijivunia ng'ombe. Sisi tulijivunia mgongo wa baba, na mimi nilijivunia kupita wote, kwa sababu nimezaliwa na kiburi kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni.

Kisha mtemi akavua utemi.

Serikali ilikuwa bado haijawaondoa watemi. Hilo lilikuja baadaye, na wengi waliondoka kwa shingo upande. Wetu aliondoka kwa miguu yake. Mkewe wa mwisho alikuwa amefariki, watoto walikuwa watu wazima, na yeye alikuwa amebatizwa tangu utotoni. Aliwaita wazee alfajiri, akawakabidhi mkuki, kiti na ngozi ya simba, akawaaga mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, jambo ambalo lenyewe lilikuwa halijapata kutokea, akapanda gari la misheni. Tulisikia amekwenda Ulaya kuwa mtawa.

Baba hakuwa mzee wa baraza. Alikuwa mtu wa mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Adhuhuri ilipofika wapishi, kwa mazoea au kwa woga, waliingiza chakula kama kawaida, na baba akasimama mahali pake akaanza kupiga. Alipiga hadi jua likapinda. Alikuwa analinda chumba kitupu. Watu wakakusanyika uwanjani mbele yake, kwanza wakanong'ona, halafu wakaanza kucheka, naye hakugeuka kutazama ndani kuna nini wanachokicheka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutogeuka. Mwishowe mpishi mmoja alimwonea huruma akamshika mkono.

Nilikuwa shule ya bweni, sikuyaona. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema baba alirudi nyumbani akaitundika ngoma, uso wa ngoma ukielekea ukutani, na akasema maneno haya tu: "Wote aliwaaga. Mimi hakuniaga." Tangu siku hiyo jina la mtemi halikutajwa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaapa kwamba nikikutana na mtu yule, mtemi au si mtemi, nitamuuliza kwa nini, nikimtazama machoni.

Nilifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea uuguzi. Nilikaa bweni la wauguzi mpaka nilipofaulu, kisha mimi na rafiki yangu Mkenya, muuguzi mwenzangu, tukapanga chumba mtaa wa Lozells, juu ya duka la mboga. Kilikuwa na hita ya mafuta ya taa iliyonukisha nguo zetu zote, na dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Ugali tulisonga kwa semolina, unga wa ngano wa chengachenga. Rafiki yangu alikuwa mcheshi, mcha Mungu, na hakuwa na siri hata ya nusu saa.

Jumapili moja alirudi kutoka matembezi ya parokia yake, hata koti hajavua.

"Wee! Unajua kuna mzee Mwafrika huko kwa monastery? Nimemwona anachimba viazi. Ati alikuwa king kwenu Tanzania!"

"Kwetu hatuna king," nilimjibu. Nilikuwa napiga pasi.

"Sawa, chief, sijui nini. Lakini huyo mzee anatembea, my dear, kama mtu hajawahi kuambiwa hurry up maisha yake yote. Father akatuambia ametoka…" Akataja mahali.

Akataja kwetu. Niliunguza kola ya sare yangu, na alama ile haikutoka.

Nilingoja siku yangu ya mapumziko. Nyumba ya watawa ilikuwa nje kidogo ya jiji, kituo cha mwisho cha basi, halafu mwendo wa robo saa kando ya ukuta mrefu wa matofali. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya swali langu. Niliandaa lenye adabu, nikaandaa na lisilo na adabu, nikaamua lisilo na adabu ndilo litakalotumika.

Nilikaribishwa katika chumba cha wageni na bruda muuguzi, Mwairishi mnene aliyehudumia wagonjwa wa nyumba ile. Baada ya muda mlango ulifunguliwa, akaingia mzee amevaa kanzu nyeusi na aproni ya gunia juu yake, amebeba sinia la chai. Udongo ulikuwa bado uko kwenye kucha zake.

Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Lakini magoti yangu yalimjua. Kabla sijafikiri nilikuwa chini, nimepiga makofi mawili kama nilivyofundishwa na mama, na hasira yangu yote imebaki juu kwenye kiti.

"Inuka, mwanangu," alisema kwa lugha yetu. "Sakafu za huku zina baridi mbaya."

Niliinuka nikaona haya, na haya ikanirudishia hasira. Aliweka sinia, akamimina chai, vikombe viwili. Kisha akachukua kipande cha mkate wenye siagi akakipeleka mdomoni.

Niligeuka pale pale. Niligeuka kwa kasi hata kiti kikaanguka. Nikasimama uso ukutani, pua yangu karibu na picha ya abate fulani, mkuu wa zamani wa watawa wale, na bruda Mwairishi akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimejisikia vibaya au ukuta umenifanya nini.

Kisha mzee akasema taratibu, "Wewe ni binti wa mpiga ngoma."

Hakuuliza. Niliiambia picha ya abate kwamba ndiyo, mimi ndiye, na kwamba nimekuja kuuliza neno moja. Kwa nini uliwaaga wote, usimuage baba yangu?

"Geuka nikujibu."

"Siwezi. Una mkate mkononi."

"Ndiyo maana nasema geuka."

"Mtemi, siwezi."

"Mimi si mtemi. Mimi ni bruda, nachimba viazi."

"Basi bruda aweke mkate chini."

Nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani. "Jibu la swali lako," alisema, "siwezi kulitoa kwa mtu aliyenipa kisogo nikiwa nakula. Siku utakayonitazama nikila, utalipata lote. Si kabla."

Ikawa hivyo. Alikuwa mbishi na mimi mbishi. Nilirudi mwezi uliofuata, na mwezi mwingine, kwa miaka mitatu. Tulizungumza vizuri kabisa akiwa hana kitu mdomoni. Chai ikija, ninageuka. Watawa walinizoea. Bruda Mwairishi alihamisha picha ya abate akatundika kalenda yenye mandhari ya milima, ili, alisema, nipate kitu kizuri cha kutazama. Rafiki yangu nyumbani alinicheka mpaka akashika mbavu. "You people! Mtu anakula biscuit, wewe unaangalia calendar. Hiyo ni custom ama ni ugonjwa?"

Nilimwambia ni kazi ya baba yangu. Akaacha kucheka, maana na yeye alikuwa na baba.

Mwaka wa pili nilimsaidia mzee kuvuna viazi, na hapo ndipo aliponieleza sababu ya kuondoka kwake, bila mimi kuuliza. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto shule ya misheni walikula saba katika sinia moja, wanagombania kipande cha chini kilichoungua. Kisha baba yake akafa, wakamchukua darasani, wakamtawaza, na tangu siku hiyo hakula tena na mtu. Aliishi na wake watatu na hakujua hata mmoja wao anapenda nini kwenye sahani. Mkewe wa mwisho alipokuwa mahututi, yeye mtemi alitamani kumlisha uji, wazee wakamkatalia, wakasema mtemi hakai penye chakula cha mtu.

"Mungu nampenda," alisema, akipangusa kiazi kwa kidole gumba. "Usidhani nilimdanganya Mungu. Lakini nitakwambia kweli. Padri mmoja wa misheni alinisimulia kuhusu nyumba hii, kwamba watawa arobaini wanakaa meza moja, kila siku, mpaka kufa. Sikusikia kitu kingine alichosema baada ya hapo."

Niliendelea kuchimba. Nilikuwa nimekuja nikiwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo alikuwa ananipungukia kidogo kidogo. Hilo lilinikera. Usiku, naam, usiku nilimfikiria baba akipiga ngoma mbele ya watu wanaocheka, ili nisilainike.

Wahindi waliofukuzwa Uganda walipofika kwa wingi, duka moja lilifunguliwa si mbali na kwetu, na mwenye duka alikuwa mtu wa Kampala aliyezungumza Kiswahili cha dukani. Nilimuuliza kwa mzaha tu kama ana unga wa mtama.

"Mtama? Iko, mama! Sisi naita juwar. Ngoja mimi toa nyuma."

Nilisimama pale dukani machozi yakanilengalenga kwa ajili ya unga. Nilipeleka mfuko mzima kwa watawa. Mpishi wao aliutengeneza uji wenye mabonge kama kokoto, na mzee, nilivyoambiwa na bruda Mwairishi, alikula wote akalamba kijiko. Mimi nilikuwa natazama kalenda. Nilisikia tu kijiko kikigonga bakuli, na nilijikuta kidole changu kinapiga pigo la baba kwenye paja langu, kufunika sauti.

Wakati huo nilikuwa tayari sista wa wodi, yaani muuguzi msimamizi, na wodi yangu ilikuwa ya wagonjwa wa kiharusi. Nilijulikana kwa ukali. Wanafunzi waliniogopa, na nilitaka waniogope, hasa kwenye kulisha. Mgonjwa wa kiharusi koo lake halina uhakika, kijiko kimoja kibaya kinaweza kumpalia na kumuua. Niliwaambia kila asubuhi, "Msitazame kijiko. Msitazame saa. Tazameni koo. Limeze kwanza, ndipo mlete kingine." Mwanafunzi mmoja aligeuka kuongea na mwenzake huku kijiko kiko mdomoni mwa mzee wa watu, nikamtoa wodini mbele ya wote na sikumrudisha wiki nzima. Daktari mkuu alisema wodi yangu haikuwa na mgonjwa aliyepaliwa. Nililipenda neno hilo kuliko mshahara.

Kisha, mwanzoni mwa majira ya baridi, bruda Mwairishi alinipigia simu wodini. Mzee ameanguka bustanini. Ni kiharusi. Alikaa hospitali wiki kadhaa, si hospitali yetu, akaomba kurudishwa kwa watawa, na sasa upande wa kulia haufanyi kazi na Kiingereza chake kimeondoka chote. Watawa wanamlisha lakini hawajui, wanajaza kijiko mno, anakohoa, anaogopa, anafunga mdomo. Anakonda. "Anakutaja wewe," alisema. "Au labda anamtaja baba yako. Mimi siijui lugha yenu."

Nilikwenda Jumamosi. Kulikuwa na mechi, basi lilijaa wanaume wenye skafu wakiimba hadi Aston, na mimi katikati yao na mfuko wa unga wa mtama mapajani. Nilikoroga uji mwenyewe jikoni kwa watawa, mwepesi, bila bonge hata moja, chumvi kidogo kama alivyoupenda. Bruda Mwairishi alikuwa na mafua makali, hakutaka kumwambukiza, akabaki mlangoni kwa nje.

Mzee alikuwa mdogo kitandani. Nilimkalisha wima, nikamwekea mito, nikamfunga kitambaa shingoni, yote kama inavyotakiwa. Nilipuliza kijiko. Nilikifikisha mdomoni mwake.

Na nikageuza uso dirishani.

Nilifanya hivyo, mimi. Sista wa wodi. Mkono ulikuwa wa muuguzi na shingo ilikuwa ya baba yangu. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Cha tatu nilikileta kabla cha pili hakijashuka, kwa sababu sikuwa natazama, na nikasikia sauti ile ninayoijua kuliko jina langu, pumzi inayotafuta njia na kuikosa.

Nilimwinamisha, nikapitisha kidole nikamtoa uji mdomoni, nikampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mbili, tatu. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mara ya tano alikohoa, akavuta hewa, akakohoa tena. Niliketi pembeni ya kitanda. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza. Nilikuwa nimekaribia kumuua mtemi wa baba yangu kwa kumheshimu.

Nililia kwa hasira. Nilimwambia nitamwita mtu mwingine, mtu atakayeweza.

Alitikisa kichwa. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, mazito, moja moja, na mimi nimezoea kusikiliza midomo ya namna hiyo.

"Jioni ya mwisho," alisema, "nilimaliza kula. Baba yako alikuwa bado anapiga. Nikaenda nikasimama nyuma yake." Akapumzika. "Mkono wangu ulikuwa karibu na bega lake, hivi." Akaonyesha kwa mkono mzima, shibiri moja. "Nilitaka kumwambia, geuka. Geuka, ingia, tule. Miaka kumi na tisa unanilinda na sijui unakulaje."

Nilimfuta kidevu kwa kitambaa.

"Sikuthubutu. Wazee niliwaaga, hao ni rahisi, wanakutazama. Baba yako ningemuagaje? Kwa kisogo? Mtu haagwi kwa kisogo. Na kumwambia ageuke ni kumwambia kazi yote aliyofanya haikuwa kitu. Nilimwogopa. Yeye peke yake ndiye niliyemwogopa." Jicho lake zima lilikuwa linatoa machozi. "Nikarudi nyuma kimya kimya. Alfajiri nikaondoka."

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Miaka yote ile niliyodhani amemsahau, alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wake, mkono hewani.

"Hawa watawa," aliendelea, "wananiona nikila kila siku. Ni watu wema. Lakini hawakupata kunipa mgongo, kwa hiyo kunitazama kwao si kitu. Mpaka mmoja wenu anitazame, bado mimi ni mtemi. Nimechoka, mwanangu. Geuka."

Nilifuta uso kwa aproni. Nilikoroga uji. Kisha nikageuka, nikamtazama mtemi wetu usoni, nikampelekea kijiko.

Nitasema nilichokiona, maana katika watu wetu wote waliopata kuishi, ni mimi niliyekiona. Alifungua mdomo mapema, kama mtoto. Midomo ilipinda upande wa kulia na tone moja likashuka kidevuni. Alizungusha uji kwa ulimi, akafikiri, na koo lake likapanda na kushuka, polepole, vizuri kabisa. Ndivyo alivyokula, kama wazee wengine wote wa wodi yangu. Nilingoja limeze, nikaleta kingine. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa fahari, sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa nafanya kazi yangu mbele ya mtu aliyestahili niifanye vizuri.

Alipofika nusu ya bakuli alisogeza kichwa. "Na wewe," alisema. "Kula."

Nilichukua kijiko kingine siniani nikala naye katika bakuli moja. Tulipomaliza alitazama chini bakulini, akanitazama mimi, akasema neno la mwisho la kitemi nililowahi kulisikia kutoka kwake. "Ongeza."

Bruda Mwairishi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni bila kuelewa lolote, alisema baadaye kwamba sauti zilizotoka mle zilikuwa za watu wawili waliopatana. Aliniuliza kama atoe ile kalenda. Nilimwambia aiache, ni nzuri.

Nilimlisha kila siku yangu ya mapumziko mpaka maua ya njano yalipochipua kando ya ukuta wao. Niliwafundisha watawa wawili kutazama koo, na niliwakemea kama wanafunzi wangu, nao wakaniita Sista kwa woga wa kweli. Hakupaliwa tena. Alifariki asubuhi moja baada ya kupata kifungua kinywa, na niliambiwa alikuwa amekula.

Walimzika katika makaburi yao, shimo kama mengine, msalaba wa mbao urefu ule ule. Kwetu mtemi akizikwa watu wote hugeuka, hakuna anayeona akishushwa. Abate aliniuliza kwa upole kama kuna desturi ya nyumbani ningependa kuifanya. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando yangu, amenishika mkono, na alidhani nitageuka. Nilisema hakuna, nikasimama uso mbele, nikatazama mpaka udongo wa mwisho.

Nilimwandikia baba barua ndefu. Nilimwandikia yote: jioni ile, mkono ulioishia karibu na bega lake, meza ya watu arobaini, mtama wa duka la Mhindi, na kosa langu la kijiko cha tatu. Niliandika pia kwamba niligeuka. Hapo kalamu ilisita. Yeye hakugeuka hata kwa nyoka, na mimi niligeuka. Nilimwambia kama nimemwaibisha aniambie wazi, nitaipokea hukumu. Nikaituma, nikangoja kwa roho mkononi kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

Jibu lilichukua miezi miwili. Baba hakujua kuandika, barua iliandikwa na mwalimu wa kijiji kwa mwandiko mzuri wa darasani. Ilianza na salamu za watu wote, ikafuata mvua, kisha ndama aliyezaliwa na bati jipya la jirani. Nilisoma haraka haraka nikitafuta hukumu yangu. Karibu na mwisho mwalimu aliandika kwamba baba ameitoa ngoma ukutani na ameigeuza.

Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja, na mwalimu alieleza kuwa baba amesisitiza uandikwe kama alivyousema, bila kupambwa: "Mwanangu, miaka kumi na tisa nimejiuliza na sikuwa na wa kumuuliza. Alikuwa anashiba?"

Nilikaa kitandani Lozells, hita ikinuka, rafiki yangu akiimba jikoni. Nikachukua kalamu kabla hata sijavua koti. Nilimjibu siku hiyo hiyo.

Alishiba, baba. Aliomba aongezewe.